Umefiwa na mama, kazi imeondoka, na kuomba huwezi: jibu langu kwa mleta uzi

Pole sana ndugu mleta uzi. Umesema mama amefariki, hujakaa sawa ukapunguzwa kazini, na sasa ukipiga magoti maneno hayaji kabisa, unauliza kama ndo imani imeisha. Nimesoma ya waliotangulia nikaona na mimi niseme langu, maana nilifiwa na mume wangu na muda si mrefu ikabidi nihame nyumba tuliyokuwa tunaishi, kwa hiyo hali unayoielezea naijua.

Hilo la imani kwanza. Fungua Zaburi ya 88. Ni ya Hemani, anaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu wangu, halafu anamwaga yote, wewe ndo umeniweka shimoni, rafiki zangu umewaweka mbali nami, mbona unanificha uso wako, na zaburi inaishia hapohapo gizani, hakuna mahali anageuka kusifu kama kwenye zaburi nyingine. Na imo kwenye Biblia, waliozikusanya hawakuitoa. Kuna kipindi hiyo ndo ilikuwa sala yangu, naisoma kwa sauti, nafunga kitabu, nalala, langu la kuongeza sina. Kwa hiyo ukilia mbele za Mungu na kumuuliza kwa nini, hapo unaomba tayari, asikutishe mtu.

Pili najua umeshatumiwa Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mimi nilitumiwa na watu wengi mpaka nikawa naijua meseji kabla sijaifungua. Ni neno zuri na nalipenda, ila naomba uanzie nyuma kidogo, sura ya 28. Watu wameshapelekwa uhamishoni Babeli, mji wao uko mbali, hekalu liko mbali, hawajui kesho ikoje. Akatokea nabii Hanania akatangaza kwamba ndani ya miaka 2 wote watarudi na vyombo vya hekalu vitarudishwa. Yeremia mwenyewe akajibu Amina, Bwana na afanye hivyo! Yaani na yeye alitamani. Lakini Mungu akamtuma amwambie Hanania kwamba anawapa watu tumaini la uongo, na sura inayofuata, ya 29, ndo ina ile barua Yeremia aliyowaandikia waliokuwa uhamishoni, inayosema miaka 70. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mtu mzima aliyesomewa barua ile, alijua wazi kwamba kurudi yeye hatarudi. Na barua inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee mji walikochukuliwa. Aya ya 11 imo humohumo kwenye barua hiyo, sasa watu wanaichomoa peke yake.

Ndo maana sipendi hizi za "mwezi huuhuu Mungu anakufungulia mlango wa kazi", najua wanasema kwa upendo, lakini wanakupa tarehe ambayo Mungu hajaitoa, na mwezi ukipita kimya unaumia upya.

Kwangu mimi kujenga maisha mapya, kama wale walioambiwa wajenge huko Babeli, kulianzia kwenye fomu. Nimehamia sehemu mpya, nikapewa fomu nijaze, nikafika kwenye hali ya ndoa, kalamu ikasimama juu ya neno ameolewa, nyuma yangu foleni, mhudumu ananiangalia, mkono unatetemeka, mwisho nikaweka tiki kwenye mjane. Nilitoka nje nikaegemea ukuta nikalia sana. Ila kuanzia pale nikaacha kuishi kama mtu anayesubiri kurudishiwa maisha ya zamani, nikatafuta kanisa la karibu, nikaingia kikundi cha maombi, nikaanza kujua majina ya majirani. Machozi hayakuisha, hata leo yapo siku yanakuja.

Na mwili usiusahau. Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alichoka mpaka akaomba afe, na malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa tena ale. Kula hata kama hamu hamna. Na kama usingizi umekataa muda mrefu au mawazo ya kujidhuru yanakuja, mwone daktari haraka na umwambie mtu wa karibu leo hii, huko siyo kukosa imani hata kidogo.

Waliokuambia kazi ya Mungu haina makosa wasamehe tu. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 hawasemi neno na hapo walikuwa sawa kabisa, shida ilianza walipofungua mdomo kumwelezea sababu.

Kwa asubuhi jaribu Zaburi ya 13, ni aya 6 tu, isome kwa sauti hata kama husikii chochote moyoni. Halafu tafuta mtu mmoja unayemwamini aombe yeye, wewe ukae tu kimya pembeni yake. Na ukitaka kutusimulia mama alikuwa mtu wa namna gani andika hapahapa, mimi nitasoma yote.