Mfanye nahodha

Dada, umeuliza ufanyeje na mwanao wa miaka 8 anayemaliza hela ya wiki nzima Jumatatu. Usimhubirie, msimulie safari. Wangu nilimfanya nahodha: jahazi limekuja na upepo wa kaskazi kutoka Oman, limejaa tende, limetia nanga Zanzibar, na halirudi mpaka kusi ianze kuvuma, kama mwezi wa 4. Mauzo ya tende ni sarafu 10 za shilingi mia, ziko mezani. Anunue boriti za kurudi nazo, alishe mabaharia, abakize za tanga likichanika. Usiku wa kwanza zote ziliishia kwenye halua. Nikamwacha akwame bandarini, ingawa alilia. Kesho yake alitenga 3 kabla sijafungua mdomo. Wako mpe hela ya siku mbilimbili kwanza.