Miaka saba kibandani si "kumsaidia mjomba"

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 26, nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Tangu 2018 nipo kwenye kibanda cha mjomba wangu karibu na stendi ya Msamvu, tunaweka na kutoa pesa za mitandao minne. Sasa SACCOS moja imetangaza nafasi ya keshia. Wanataka uzoefu wa miaka 2 wa kushika fedha, mtu anayeweza kufunga hesabu za siku, mwenye lugha nzuri kwa wateja na anayejua kompyuta. Nimeandika kuwa sijawahi kuajiriwa, namsaidia tu mjomba, ila ni mwaminifu na mchapakazi. Naona barua haina uzito. Halafu mwaka 2021 nilipungukiwa shilingi 85,000, nikazilipa kwa miezi miwili. Naogopa wakiniuliza.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua haina uzito kwa sababu miaka saba umeifuta kwa kalamu yako mwenyewe. Nilikaa ofisi ya utumishi miaka 22. "Mwaminifu, mchapakazi, mwenye kujituma" nimeyasoma karibu katika kila barua, na hayakunisaidia kumchagua mtu hata mmoja. Ninayemkumbuka mpaka leo ni kijana aliyeomba kazi ya stoo akiwa utingo wa lori. Aliandika kwamba magunia huyahesabu mara mbili, yakipanda na yakishuka, na idadi zisipolingana lori haliondoki. Tulimchukua.

Turudi kibandani. Mteja akiweka pesa, floti, yaani pesa iliyomo kwenye laini ya wakala, inapungua na taslimu inaongezeka. Akitoa, ni kinyume chake. Jioni unajumlisha floti ya kila laini na taslimu ya kwenye droo, na jumla lazima irudi kwenye mtaji mliofungulia asubuhi. Huko ndiko kufunga hesabu za siku, mwanangu, na ndiyo kazi wanayoitangaza. Basi ondoa "namsaidia mjomba", andika: "Tangu 2018 ni mhudumu wa kibanda cha wakala, nafunga hesabu za mitandao minne kila jioni." Kisha fungua daftari, hesabu wateja wa wiki moja ya kawaida, ugawe kwa siku ulizofungua. Idadi utakayoipata iandike ilivyo, usiongeze hata mmoja.

Kuhusu lugha nzuri, simulia tukio. Karibu na stendi hukosi mzee aliyewahi kukufikia na ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ulimwambia nini? Ulimsubirisha mpaka akampigia mwanawe? Sentensi mbili za tukio lenyewe zinatosha, msomaji ataiona lugha yako humo.

Kompyuta hukuniambia kama unaijua. Kama huijui, usiandike unaijua, kwa sababu siku ya usaili wanaweza kukuweka mbele yake. Jiandikishe kozi fupi wiki hii, kisha andika kwamba umeanza na ni lini utamaliza.

Mdhamini asiwe mjomba peke yake, kwa kuwa ni ndugu. Mwombe wakala mkuu anayewauzia floti. Huyo anajua kama mlikuwa mnamlipa kwa wakati.

Sasa zile 85,000. Kwenye barua usiziweke. Wakikuuliza kama umewahi kupungukiwa, usiseme hapana, maana aliyeshika fedha miaka saba bila kupungukiwa hata siku moja, mimi nisingemwamini. Waambie uligundua lini, ulimweleza nani kwanza, ulilipaje, na ulibadilisha nini baada ya hapo. Hilo la mwisho hujanieleza, na ndilo watakalolisubiri. Kama tangu siku ile unahesabu mchana na jioni, sema. Kama hukubadilisha chochote, anza leo, mwanangu, kabla ya kupeleka barua.

Daftari lenyewe liache kibandani siku ya usaili. Lina majina na namba za simu za wateja, na hizo si zako kuzionyesha. Wakikuuliza kwa nini hukuja nalo, wajibu hivyo hivyo.