Unapobadilisha chombo: kwa vijana wa Pemba wanaotaka kwenda Zambia kwa gari

Vijana wenzangu wa Pemba mnaotaka kutia begi mgongoni mkaione Zambia kwa tiketi ya kawaida, wingi wa kilomita usiwatishe. Kukaa kitini mtu huzoea. Kinachomvunja msafiri moyo ni pale anaposhuka chombo kimoja ili apande cha pili, na cha pili kimeshaondoka, au kipo lakini hakuna anayejua kitaondoka lini. Pangeni safari kwa kuzitazama sehemu hizo kwanza.

Kwetu sisi ya kwanza iko nyumbani. Miezi ya kusi bahari ya Nungwi huchafuka, na boti ya Mkoani huweza kuahirishwa. Basi msikate tiketi ya gari la alfajiri kutoka Dar mkitegemea boti ya jana yake. Vukeni mapema, mlale kwa jamaa siku mbili (nani kwetu hana jamaa Dar?), ndipo mwende stendi. Na mkiona chombo kimejaa kupita kiasi, msipande, hata kama nauli imeshalipwa. Meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikija kwetu Pemba, na wengi wetu tuna watu tuliowazika. Safari inaweza kungoja.

Magari ya Tunduma, mji wetu wa mpakani na Zambia, huondokea kituo cha Magufuli, Mbezi, hapo hapo Dar lakini mbali kabisa na bandarini. Wapiga debe watalivuta begi lako kabla hujashuka kwenye daladala. Usimpe mtu begi wala pesa; nenda dirishani, kata tiketi, hakikisha namba ya gari imeandikwa. Ukiambiwa "tunaondoka sasa hivi", mtafute dereva kwa macho. Kama hayupo, kanunue maji.

Utauziwa pia tiketi ya moja kwa moja hadi Lusaka. Wapo wanaoisifu, kwamba gari hukungojea mpakani. Mimi nasema kateni kwa vipande. Niliwahi kukwama na abiria wenzangu kando ya barabara tulipopita Makambako: gari juu ya jeki, utingo amelala chini, mikono imejaa grisi, na kila tukiuliza tunajibiwa fundi yuko njiani kutoka Mbeya. Mabasi mengine yalikuwa yanapita yana nafasi. Wa Tunduma tulidai nauli iliyobaki, tukabishana, tukapewa kidogo, tukapanda. Waliolipia hadi Lusaka hawakuthubutu kuiacha pesa yote ile, na jua lilipozama walikuwa wanatandika kanga chini ya mti, mama mmoja ana mtoto mchanga. Nilihuzunika sana kuwaacha.

Jambo jingine wageni hawalijui: mpakani ndiyo kwanza nusu ya njia. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Nakonde, upande wa pili, hadi Lusaka bado ni karibu 1,000. Kwa hiyo msifike pale usiku mmechoka mkadhani mmemaliza. Laleni Tunduma, ambako bado mnasikilizana na watu na bei mnazijua, mvuke asubuhi. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, tena wenzetu huzihesabu tangu usiku wa manane. Mkitajiwa saa ya gari kuondoka, mwonyesheni mkatisha tiketi simu yenu, aelekeze kwa kidole. Wabadilisha fedha watawazunguka na kikokotoo mkononi. Badilisheni za kuwafikisha Lusaka tu, mzihesabu wenyewe, na mzitazame noti zenyewe: kwacha za zamani, za kabla Zambia haijaondoa sifuri tatu mwaka 2013, hazinunui kitu.

Treni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia? Naipenda, na nauli yake ni nafuu. Ila ulizeni kwanza kama ya abiria inatembea wiki hiyo. Reli ile ya kilomita 1,860 ni ya njia moja: treni hupishana stesheni, na behewa la mizigo likianguka mbele, wote mlio nyuma mnangoja. Tena haifiki Lusaka. Inaishia Kapiri Mposhi, na hapo mnabadilisha chombo tena, pengine usiku.

Chanjo ya homa ya manjano mchome mapema, kwani cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Pasi ya kusafiria ikae mwilini, si begini. Visheti na tende huvumilia njia kuliko wali. Gari likisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama hujabanwa, maana hujui litasimama wapi tena. Na Sala isikutie wasiwasi njia nzima: msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya.

Kurudi ndiko wengi wanakoharibu. Wamechoka, pesa imepungua, wanaunganisha Lusaka, Dar na boti bila hata usiku mmoja wa katikati. Nauli ya boti mpaka Mkoani na ya gari mpaka mlangoni kwenu itengeni kabla hamjaondoka, muiache kwa yule yule jamaa wa Dar.