Koti liko wapi?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ubao wa shukrani mtaani ni sanaa au ni kuchezea chaki? Ya sanaa waulizeni waliosomea. Mimi nauliza ni shukrani ya nani inayoingia pale, maana niliwahi kushika chaki kwa niaba ya mtu na mpaka leo sijatulia.

Chimbuko la mambo haya nalijua. Mwaka 2011, huko New Orleans, Marekani, msanii Candy Chang alifiwa na mtu aliyempenda, akageuza ukuta wa nyumba iliyohamwa kuwa ubao, akaacha chaki ili wapita njia waandike wanachotaka kufanya kabla hawajafa. Wengi wakaiga, na wengine wakaligeuza swali likawa la kushukuru. Sina ugomvi nao.

Kwetu Ngamiani, Tanga, vijana walipaka ukuta rangi nyeusi, wakaandika "Namshukuru..." mara nyingi, kila mstari urefu wa mkono. Bibi mmoja jirani, muuza uji, akanivuta kando: "Mwanangu, niandikie." Akaanza. Anamshukuru kijana wa bodaboda aliyempeleka mjukuu wake hospitali ya Bombo usiku wa mvua. Alimfunika mtoto kwa koti lake mwenyewe, yeye akalowa. Nauli akakataa. Akakaa nao kwenye benchi mpaka adhana ya alfajiri, kisha akawaletea chapati mbili na chai. Hakuacha kitu, hata rangi ya koti. Jua kali, nyuma yangu foleni, nami nikaandika: "Namshukuru dereva wa bodaboda kwa msaada."

Bibi hajui kusoma, lakini aliangalia chaki ilipoishia. "Mbona nimesema mengi, wewe umeandika kidogo? Koti liko wapi?"

Nikaweka kidole kwenye neno "msaada". "Hili hapa, bibi."

Akaligusa. Chaki ikamganda, akajipangusa kwenye kanga yake, akaenda zake.

Mvua ya siku mbili baadaye ikafuta kila kitu. Bibi akaenda duka la kanga, akamtaka muuzaji amsomee majina moja moja. Akayakataa mengi, hili kali, hili la mapenzi, mpaka likasomwa "Wema hauozi". Akanunua doti nzima, akampelekea mama yake yule kijana. Nikasema basi, ubao wetu tunao siku zote, ndiyo kanga: una pindo, mji wa katikati na jina, na unatembea mpaka sokoni. Chaki ya nini?

Nilikaa kuwaandikia hivyo: futeni. Sasa nakumbuka siku nilipopanda bodaboda ya kijana yule. Kanga alisimuliwa tu na mama yake. Ubao aliuona mwenyewe, akasimama, akaupiga picha kabla ya mvua. Akanionyesha kwenye simu. Tanga ina bodaboda ngapi? Jina lake halipo pale, lakini akaniambia, "Huyu ni mimi."

Basi wekeni mbao zenu, ila mistari iwe mirefu, juu pawe na kibati, na anayemwandikia mwenzake asiwe na haraka kama mimi. Kama hayo hayawezekani, bora pesa ya rangi ikanunue kanga. Au hata hivyo wekeni, sijui.

Bibi bado anauza uji pale pale. Nakunywa kwake kila asubuhi, na habari ya koti sijamwambia.