Re: Wageni wetu wa Uholanzi wawashukuruje waliowasaidia kuasili mtoto?

Mama Wanja, umesema waliasili hapa Nairobi kabla serikali haijasimamisha wageni kuasili mwaka 2014, na sasa wanarudi na binti yao. Wakili alishalipwa, barua fupi inamtosha. Afisa wa watoto msimpe bahasha, hata ya chai! Sheria ya Watoto ya 2022 haitaki pesa ya pembeni iguse uasili, na mtamtia matatani bure. Barua ya shukrani kwa mkubwa wake itamfaa zaidi.

Ila hao akina mama wa zamu ya usiku kwenye kituo cha watoto alikolelewa binti, watafuteni. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyemwonyesha mama mgeni kumfunga mtoto mgongoni kwa leso, maana kitandani mtoto alikuwa hapati usingizi. Wazazi wakaenda zao, na hakuna aliyemwambia shangazi yule mtoto alifikia wapi. Wapelekeeni picha ya binti iliyochapishwa, si ya simu, na unga na sukari vya nyumbani kwao. Pigeni simu kwanza, wengi wameshastaafu. Na binti aulizwe kama anataka kwenda. Asipotaka, wazazi waende peke yao.