Maswali na Majibu: Uko Karatu, Kompyuta Iko Njiro

Karibu barua zote za safari hii zinahusu jambo moja: kuiendesha kompyuta iliyo mbali nawe. Nimeanza na ile yenye mambo mengi.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii, Njiro. Nikiwa Karatu naingia kwenye kompyuta ya ofisini kwa Remote Desktop, lakini mwenzangu anayeitumia analalamika kwamba namtoa. Nikiingia kwa AnyDesk hatoki, ila anaona kila ninachoandika. Tatizo ni nini?

Hakuna kilichoharibika, dada. Hizo ni njia mbili zisizofanana hata kidogo. Remote Desktop ya Windows, ambayo mafundi huiita RDP, inakukalisha wewe kwenye kiti. Windows ya kawaida ya ofisini ina kiti kimoja tu: ukikaa, aliyekuwepo anainuka, na kioo cha pale mezani kinajifunga. AnyDesk, TeamViewer na VNC hazigusi kiti. Zinachukua picha ya kioo kilekile zinakuletea ulipo, na mausi yako zinaipeleka kule. Ndiyo maana mishahara unayoiandika Karatu inasomeka Njiro.

Kwa kazi ya hesabu ningechagua Remote Desktop bila kusita. Kioo kinafungwa, na tena kuna faida utakayoiona njiani. Umeanzisha ripoti ndefu ukiwa Mto wa Mbu, gari linaanza kupanda kilima, mtandao unapotea. Ripoti haifi, inaendelea kupikwa kulekule ofisini. Ukifika Rhotia mtandao ukarudi, unaingia tena unakuta dirisha lilelile, hata neno uliloliacha nusu lipo. Kwa sababu hiyohiyo, kubofya alama ya X si kutoka. Wewe umeondoka, vitu vyako vimebaki wazi. Ukimaliza kazi ya siku, hifadhi kisha toka kwenye akaunti yako kabisa.

Kama wewe na mwenzako lazima mfanye kazi kwa wakati mmoja, aidha apewe kompyuta yake, au mwombe bosi awawekee Windows Server yenye leseni za watumiaji. Hiyo ina viti vingi, kila mtu na kioo chake.

Laptopu ya mama yangu, Majengo, Moshi, inakataa nisiingie kwa Remote Desktop. Ina Windows Home.

Home inaweza kwenda kwa wenzake lakini yenyewe haipokei mgeni. Kupokea ni kazi ya toleo la Windows Pro. Usitoe hela kununua Pro, maana unachotaka ni kumwelekeza mama, naye aone. Tumia Quick Assist ya Microsoft au AnyDesk, mtazame kioo kimoja pamoja. Akiona kishale kinavyotembea hadi kwenye kitufe cha printa, kesho atakipata mwenyewe.

Ipi inakula bando kidogo?

Kwa kazi ya maandishi na hesabu, mara nyingi RDP, kwa kuwa inaweza kutuma maelekezo ya kuchora dirisha badala ya picha nzima. VNC hutuma picha ya kila sehemu ya kioo iliyobadilika. Kwa njia yoyote, ondoa picha ya mandharinyuma, punguza rangi, na usifungue video kule. Video inamaliza bando hata ungetumia njia gani.

Niko Sakina. Fundi ameniambia nifungue poti 3389 kwenye ruta ili niingie ofisini kutoka popote. Nifungue?

Usifungue, kaka. Tafadhali. Hiyo poti ndiyo mlango wa RDP, na duniani kuna programu zinazopita usiku na mchana zikigonga kila anwani ya intaneti kutafuta mlango huo, kisha zinajaribu maneno ya siri moja baada ya jingine. Kubadilisha namba ya poti kunazichelewesha tu. Mwaka 2019 liligunduliwa tundu kwenye RDP ya Windows za zamani, likaitwa BlueKeep, ambalo halikuhitaji hata neno la siri. Lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho mpaka ya Windows XP, toleo ililoacha kulihudumia mwaka 2014.

Niliwahi kuitwa Jumatatu asubuhi kwenye duka moja la vifaa, Moshi. Faili zote za stoo hazifunguki, na kwenye kioo kuna ujumbe wa kudai malipo. Mlango wao ulikuwa huohuo. Mama wa duka alikaa na daftari akaanza kuhesabu misumari upya.

Mwambie fundi akuwekee VPN. Kwanza unaingia kwenye mtandao wa ofisi kwa njia iliyofungwa, ndipo unafungua Remote Desktop ukiwa ndani. VNC nayo ipite humohumo, kwani zile za zamani hutuma picha bila kuzificha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Kiboriloni. Jana mtu alinipigia akasema anatoka benki, akanielekeza niweke programu kwenye laptopu na nimsomee namba. Nikamsomea. Kishale kikaanza kutembea chenyewe, nikazima.

Shikamoo, mwalimu. Ulifanya vema kuzima. Namba uliyomsomea ndiyo iliyompa njia ya kufika kwenye kioo chako, na huenda ameacha njia ya kurudi bila kukuuliza. Usiiwashe ikiwa kwenye intaneti: zima kwanza ruta, au simu unayogawia bando. Nenda tawi la benki yako mwenyewe, uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, na ubadilishe maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine. Laptopu ipeleke kwa fundi unayemwamini, ahifadhi nyaraka zako kisha aweke Windows upya. Kuiondoa tu ile programu hakutoshi. Benki uende leo, mwalimu, kabla hawajafunga.