Kabla hujashangilia kemikali mpya, kagua mpira wako

Mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili nilidhani nimetoboa. Nilikuwa nachambua magome ya mjafari niliyonunua Kariakoo kwa mama muuza dawa za miti shamba, yale yenye vinundu vya miiba kama mgongo wa mamba. Mashine ya kutenganisha kemikali na kupima masi zake ikachora kilele kirefu kuliko vyote: ioni (kipande cha molekuli chenye chaji) ya masi 149 inaongoza, 167 na 279 nyuma yake. Usiku huo huo nikampigia mwenzangu simu: kaka, tumepata kitu!

Msimamizi wangu aliitazama karatasi mara moja tu. "Kiyeyushi, ile ethili aseteti ya kuloweka magome, ulikitoaje kwenye pipa?"

Kwa mpira wa bomba, nikasema. Ule laini wa plastiki ya PVC.

Akacheka mpaka akavua miwani. Hiyo 149 ni alama ya thaleti, kemikali wanazotia kwenye plastiki ili ilainike. Ethili aseteti ikipita kwenye mpira huzibeba, na ukiivukiza lita nzima ibaki matone, zinabaki nawe. Nusura niandike tasnifu juu ya mpira.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeanza, fanya jaribio tupu. Chukua kiyeyushi kile kile, kiasi kile kile, ukipitishe hatua zote bila gome: chuja, vukiza, ingiza mashineni. Kitakachotokea humo si cha mti. Linakula siku moja tu, na mimi niliona uvivu. Vyombo viwe vya kioo.

Mgeni mwingine ni ukungu. Kwa unyevu wa Dar, magome ukiyafunga mbichi kwenye mfuko, baada ya siku chache yana manyoya, na ukungu nao una kemikali zake. Yaanike kivulini, feni iwake.

Halafu jina. Mama yule aliniambia, "Mjafari ni mjafari, mwanangu," lakini gome peke yake halitambuliki kwa urahisi, na mjafari, Zanthoxylum chalybeum kwa jina la kisayansi, una ndugu zake hapa nchini. Omba upelekwe kwenye mti wenyewe, kata tawi lenye majani, na maua kama yapo, ulibane kwenye magazeti, ulipeleke hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, pale Chuo Kikuu Mlimani lipewe namba.

Vipimo vya rangi visikulevye. Rangi ya chungwa ya kitendanishi cha Dragendorff inakudokezea tu kwamba huenda kuna alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nitrojeni; ipi, haisemi.

Niliporudia kazi kwa vyombo vya kioo tu, kilele kile kikatoweka. Kikabaki kingine kidogo, masi 259: skimianini, alkaloidi ambayo Wajapani walishaitenga mwanzoni mwa karne iliyopita. Nikaenda Kariakoo kumweleza mama. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza kama sasa apandishe bei.